Tathmini ya GEOS-Chem: Modeli ya Angahewa Inayopimwa Hadharani

Miongoni mwa programu zinazokokotoa kemia ya angahewa ya dunia nzima, GEOS-Chem ndiyo ninayompendekezea mtafiti anayeanza, hasa kwa sababu matoleo yake hupimwa kabla ya kutumika na matokeo ya upimaji huo huwekwa wazi ili yeyote ayakague.

Modeli hii inalelewa na Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, na msimbo wake, ulioandikwa kwa sehemu kubwa kwa lugha ya kompyuta ya Fortran, hutolewa bure kwa leseni huria. Upepo, joto na mvua haivikokotoi yenyewe, bali huvipokea kutoka kumbukumbu za hali ya hewa za NASA, kama MERRA-2 inayoanzia mwaka 1980. Kwa hiyo anayetaka kujua jinsi masizi au ozoni inavyobadilisha mvua asiitegemee ikiwa peke yake, maana kemia yake haiugusi upepo hata kidogo. Atahitaji kuitumia ikiwa imepachikwa ndani ya modeli kamili ya tabianchi, kwa mfano CESM.

Katika upimaji, kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni kile cha usafirishaji wa hewa. Radoni-222, gesi yenye unururifu, hutoka ardhini, na nusu yake huoza kwa muda wa siku 3.8 hivi; mwishowe huzaa risasi-210 (aina ya metali ya risasi), ambayo hushikamana na chembechembe za hewani na kuoshwa na mvua. Beriliamu-7, kwa upande wake, huzaliwa juu kwa nguvu ya mionzi itokayo anga za mbali, kisha hushuka. Kwa kufuatilia elementi hizi tu, bila mamia ya mimenyuko ya kemia kuingilia, wapimaji hubaini kama mawingu ya modeli yanapandisha hewa kupita kiasi au mvua yake inaosha pungufu, kasoro ambazo zingejificha kwa urahisi ndani ya hesabu za ozoni. Baada ya hapo kemia kamili huendeshwa, ikalinganishwa na toleo lililotangulia pamoja na vipimo halisi vya angani, na muda wa methani kudumu hewani hukaguliwa pia.

Udhaifu wake huonekana mtu anapotazama ramani. Modeli huigawa dunia katika visanduku; katika gridi ya nyuzi 4 za latitudo kwa 5 za longitudo, ambayo wengi huanza nayo kwa kuwa ni nyepesi, Nairobi, Kisumu, Arusha, Mwanza na mbuga ya Serengeti vyote vimo ndani ya kisanduku kimoja, hivyo moshi wa jiji huchanganywa papo hapo na hewa ya nyikani. Gridi ndogo zaidi ipo, lakini inadai kompyuta yenye nguvu na data nyingi mno. Orodha ya DICE-Africa, inayohesabu moshi wa kuni, uchomaji mkaa, jenereta na pikipiki, ni hazina kwetu, ila makadirio yake ni ya mwaka 2013, na bodaboda zimeongezeka sana tangu wakati huo.

Kwa anayelipia intaneti kwa bando, kuna huduma moja ya kushukuru. Akiongeza --dryrun kwenye amri ya kuiendesha modeli, modeli haikokotoi kitu, bali huorodhesha mafaili yote itakayoyahitaji, ikionyesha yaliyopo na yasiyopo, naye akapakua hayo tu.

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anaweza kuanza na swali lililo karibu naye: je, ozoni ya modeli juu ya Nairobi inalingana na ile inayopimwa kwa maputo yanayorushwa jijini humo tangu miaka ya 1990? Vipimo hivyo hupatikana bure kupitia SHADOZ, mtandao wa vituo vinavyopima ozoni kwa maputo, na kwa kuwa maputo hupima ozoni tangu ardhini hadi juu sana, ataona ni katika kimo gani hasa modeli inakosea.