Waliniita "mama wa upele" mbele ya mteja wangu

Muwasho nimeuzoea. Kilichoniuma ni hiki: nimekaa kwenye benchi la kliniki, faili lina jina langu kamili, muuguzi anachungulia mlangoni na kupaza sauti, "Yule mama wa upele aingie!" Dada mmoja ninayemuuzia vitenge pale soko la Mbuyuni, hapa Moshi, tulikuwa tumebanana tukipiga stori. Akasogea kando, akavuta na mkoba wake. Kitenge alichokwisha lipia nusu hajakifuata mpaka leo. Na huo upele wenyewe sina!

Nawashwa tangu baridi la mwaka jana: mgongo, mapaja, mikono. Mchana unavumilika. Usiku nalala na mwiko kando ya mto kwa ajili ya mgongo, na asubuhi shuka lina vidoa vya damu. Vipele vya maana hakuna, ni mikwaruzo yangu mwenyewe.

Kliniki hii binafsi ya hapa mjini ikasema upele, ule wa wadudu wanaochimba ngozi na kuambukiza. Sawa, nao huwasha usiku. Wakanipa ile dawa nyeupe ya kupaka, benzili benzoeti, inayochoma kwenye mikwaruzo kama pilipili. Nikapaka shingoni hadi unyayoni, nikapaka nyumba nzima hadi mama mkwe, mashuka nikachemsha. Wakasema muwasho unaweza kuendelea wiki chache hata wadudu wakishakufa. Zikapita, zikapita na nyingine. Nyumbani anayejikuna ni mimi peke yangu. Nikarudi kuwaambia hivyo. Daktari, macho kwenye simu: "Mama, mtakuwa hamkupaka vizuri." Mgongo wangu hajauona hata siku moja.

Baadaye ikawa aleji: vidonge vya aleji vya setirizini, na niache mayai na dagaa. Kisha ikawa fangasi, na krimu ambayo muuza duka la dawa ndiye aliyenishtua kuwa ina steroidi. Kama kweli ni fangasi, hiyo inatuliza wekundu tu huku fangasi yenyewe inatambaa!

Nisiwanyime haki yao. Kijana wa maabara ni mtu wa watu. Aliniamkia, akauliza panawasha wapi hasa, akakwangua ngozi kidogo, akatazama kwenye hadubini. Fangasi hakuna, mdudu wa upele hakuna. Akaniambia muwasho usio na vipele wakati mwingine hutoka ndani, kwenye ini, figo, tezi ya shingo au upungufu wa madini ya chuma, nimwombe daktari vipimo vya damu. Kwa ajili yake ningewapa alama za kati. Napeleka majibu ndani, daktari anaandika krimu ile ile!

Moshi hii hii, jamani, ambako hospitali kubwa ya rufaa ya KCMC wanafundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992. Naomba karatasi ya rufaa, najibiwa, "Maliza dozi kwanza." Dozi ya nini, wakati ugonjwa wenyewe hawaujui?

Kwa malaria siwasemi vibaya, mwanangu walimtibu akapona, na bei zao si za kukomoa. Ukiwa na homa nenda tu. Au usiende. Mtu asiyeinua macho kwenye simu akutazame, hiyo homa ataionaje? Mimi Jumatatu naenda KCMC kwa hela yangu. Krimu iliyobaki nimewaachia mezani, na hela yake wamegoma kunirudishia.