Boksi la hewa lisilopitisha mwanga kwa chumba cha uyoga: uzoefu wangu

Nalima uyoga wa mamama kwenye vyumba vya uani hapa Tabata. Mifuko ikishapandwa mbegu hukaa kwanza chumba cha giza, wiki mbili hadi nne, mpaka utando mweupe wa uyoga, kama mizizi yake, uenee mfuko mzima. Kwa Dar tatizo ni joto. Ukiziba kila upenyo umejenga tanuri, maana utando nao unatoa joto lake na kaboni dioksaidi. Ukiacha dirisha wazi, uyoga unachomoza kabla ya wakati upande unaotazama mwanga, unabanwa na nailoni ya mfuko na kuozea humo humo. (Wanaosema mwanga unaua utando wanatia chumvi.)

Nikamtengenezesha seremala wa Keko boksi la kuingizia hewa, shilingi 85,000 bila feni. Ndani lina vibao vitatu vilivyopishana, kwa hiyo hewa inajipinda kushoto kulia, lakini mwanga, ambao haujui kukata kona, unaishia kwenye kibao. Feni ya kawaida ya bafuni imekaa ukuta wa pili, inatoa hewa ya chumbani kwenda nje.

Umbo zuri, vipimo sahihi. Rangi ndiyo iliyoniudhi. Tulikubaliana nyeusi isiyong'aa, yeye akapaka rangi ya mafuta, inang'aa kama kiatu cha askari. Saa sita mchana nikajifungia ndani, macho yakazoea giza, nikaona mwanga unadunda kibao hadi kibao na kutokeza chumbani. Kumwambia arudie, akataka hela ya ziada! Tukavutana mpaka akapiga msasa na kupaka upya. Sasa ni giza tupu.

Jingine la kumsimamia fundi ni upana wa njia. Kila kona inapunguza mwendo wa hewa, hivyo nafasi kati ya vibao iwe kubwa kuliko mdomo wa feni. Wangu alitaka kuibana ili boksi lipendeze. "Hewa hiyo dada, itapita tu." Haipiti. Washa udi nje, mbele ya mdomo wa boksi, feni ikizunguka: moshi wangu unalala na kuvutwa wote ndani. Ukipanda wima kwenda juu, ujue njia imebana.

Chagua marini bodi (plaiwudi inayostahimili maji), MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa) inavimba kwa unyevu. Mdomo wa nje weka neti ya mbu kuzuia wadudu, na uioshe mara kwa mara, vumbi la barabara yetu linaiziba upesi sana.

Mwenye chumba kidogo anaweza kutumia bomba la inchi 4 na elbo mbili, ni rahisi zaidi. Ila bomba jeupe likipigwa na jua linapitisha mwanga, lipake nyeusi kwa nje pia.

Boksi nimelipenda na nimeagiza la pili, kwa seremala mwingine. Rangi safari hii nanunua mwenyewe.