TAHADHARI: "Adapta ya dhahabu" inayouzwa Tanga mjini ni pini ya redio iliyojazwa gundi

Mnaopima dhahabu Handeni na Kilindi, nanyi mnaosaka "mali ya Mjerumani" inayodaiwa kufukiwa, kuna jamaa anazunguka Ngamiani hadi stendi ya Kange na adapta ya hedifoni za detekta (mashine ya kutafutia metali ardhini), 85,000. Anadai inaongeza kina na inachuja chuma ibaki dhahabu tu. Uongo mtupu. Adapta hubeba sauti, basi. Kina na uchujaji ni kazi ya koili (duara unalopitisha juu ya ardhi) na kisanduku cha mashine. Mlio ukifika kwenye tundu la hedifoni, mashine imeshaamua.

Ukiipasua unakuta kigeuzi cha kawaida cha stereo, 3.5 mm kwenda 6.35 mm, kimevikwa mpira mweusi na kushindiliwa gundi usione ndani. Ujanja uko hapa: detekta nyingine, hasa za zamani, zina tundu la mono, la njia moja ya sauti, wakati stereo ina mbili, kushoto na kulia. Pini ya stereo ikiingia humo, pete yake ya katikati, iliyo kati ya ncha na shina, inagusa ethi (njia ya kurudi umeme) na sikio la kulia linakufa. Yeye anakwambia, "Hilo la kulia ni la dhahabu, litalia ukifika penyewe." Halitalia hata ukisimama juu ya kilo nzima. Spika kuzima ukichomeka, anakokuita "mashine imeshika", ni swichi iliyomo ndani ya tundu. Pini yoyote itaizima.

Ya kweli unaitengeneza mwenyewe kwa fundi redio, kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Kwanza chomeka hedifoni za stereo zenye pini ya 6.35 mm moja kwa moja kwenye mashine. Masikio yote mawili yakilia, tundu lako ni la stereo: kigeuzi cha kawaida kinatosha, na usichomeke pini ya mono humo, itapeleka upande wa kulia wa mashine kwenye ethi. Likilia moja, nunua pini ya mono ya 6.35 mm yenye ganda la chuma, tundu la stereo la 3.5 mm, waya wenye shildi (wavu wa chuma unaozunguka waya wa ndani) sentimita 20 na rezista ya ohmu 47.

Kwenye tundu, unganisha mguu wa ncha na wa pete. Kutoka hapo pita kwenye rezista hadi ncha ya pini. Shildi iunganishe shina kwa shina. Lehemu, usisokote waya tu: ukivuta kidogo porini utasikia mikwaruzo na kudhani ni kitu ardhini. Rezista usiiruke. Hedifoni za ohmu 32 kila sikio, zikiunganishwa hivi, zinabaki 16, na mlio wa bati lililo juujuu unapasua masikio.

Pima kwa mita ya umeme, kwenye ohmu, kabla ya kufunga. Ncha ya pini hadi ncha ya tundu isome 47. Ncha ya pini hadi shina lake, hedifoni zikiwa nje, isisome kitu. Zikichomekwa, karibu 63. Ikisoma sifuri, kuna waya umegusana.

Wenye Garrett AT Pro na AT Gold, tundu lenu ni la pini mbili lisiloingiza maji, kwa hiyo kigeuzi chake hakiingii kabisa. Ukijitengenezea adapta ya tundu hilo, usizamishe kisanduku.

Ana pia ya Bluetooth, ghali zaidi. Hizo za bei rahisi huweza kuchelewesha sauti milisekunde 200. Koili ikienda mita moja kwa sekunde, mlio unakufikia ukiwa umepita kitu kwa sentimita 20. Unachimba pembeni.

Akikushauri ukajaribie kwenye magofu ya kale ya Tongoni, kataa: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimba magofu bila kibali.

Akikufuata, mwombe aifungue mbele yako au aiweke kwenye mita. Akisema ikifunguliwa "inapoteza nguvu", ndiye huyo.