Chungu cha Kaktasi: Kitazame Kitako Kabla ya Rangi

Kila masika ikikolea hupokea malalamiko ya aina moja. Kaktasi iliyonunuliwa ikiwa ngumu na kijani imelegea shinani, imegeuka hudhurungi, ukiibonyeza kidole kinazama. Wenyewe wanaapa hawakuizidishia maji, na chungu kina tundu. Ninawaamini. Ila nikiwaomba picha, siitaki ya mmea. Naitaka ya kitako cha chungu na ya mahali kilipokaa.

Karibu kila mara naona kitu kile kile: kitako bapa, tundu katikati, na chungu kimekaa juu ya marumaru ya baraza. Tundu lipo, lakini sakafu imeliziba. Maji yanashuka, hayapati pa kutokea, yanabaki kwenye udongo wa chini iliko mizizi. Watu hukagua tundu, hawakagui kama kitako kina miguu au mikato ya kupitishia maji. Mimi huo ndio ukaguzi ninaoujali. Rangi na ukubwa chagua mwenyewe.

Mmea huu kwao ni Amerika, na zile za jangwani zimezoea ukame. Jangwa huhesabiwa mahali panapopata chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka. Unguja tunapata zaidi ya 1500, na Pemba wanatuzidi. Hata isiponyesha, hewa yetu ina unyevu, udongo haukauki upesi. Mzizi wa kaktasi usipopata hewa hufa, kisha uozo hupanda juu. Ukiuona shinani, chini kumeshaharibika zamani.

Nafasi ya kwanza nawapa vyungu vya udongo wa kuchoma vya Deroma, kutoka Italia, na sifichi mapenzi yangu. Ukuta wake haukupakwa kitu cha kung'aa, kwa hiyo maji yanatoka pia kwa pembeni kama jasho, na tundu linakuja limeshatobolewa. Ukiwa na shangazi au mjomba Uingereza anayekuja likizo, mwombe akuletee viwili vitatu. Ni vizito, lakini vinaingia kimoja ndani ya kingine. Hata hivyo usivikalishe sakafuni hivi hivi. Weka chini yake vijiwe vitatu vya kimo kimoja, mpango ule ule wa mafiga, ili hewa ipite.

Cha pili ni chungu chetu cha kufinyanga, kile cha kupikia. Wengi hawakifikirii, nami nakipenda sana. Udongo wake unapitisha unyevu vizuri, na kitako chake cha mviringo hakiwezi kulala bapa, kwa hiyo ukikitoboa katikati na kukikalisha juu ya mafiga, tundu halizibwi na chochote. Kazi ni kukitoboa. Kiloweke usiku kucha, kigeuze juu ya gunia, tumia keekee bila ule mtikiso wa kutobolea ukuta, pole pole. Ukinunua, kigonge kwa kidole: kikitoa sauti ya kufifia kina ufa, kirudishe.

Vya sementi vinakuja cha tatu. Ni vizito, upepo wa kusi hauviangushi, lakini sementi mpya inatoa chokaa. Viloweke na kubadilisha maji mara kadhaa kabla ya kupanda, na hakikisha tundu halikuzibwa na sementi iliyomwagikia ndani.

Plastiki: ikiwa ndiyo uwezo wako, toboa matundu mengi, mwagilia kwa nadra zaidi, basi.

Wa mwisho ni vyungu vya kauri vya kung'aa, na hapa ndipo ninapokasirika. Vingi havina tundu kabisa, kwa sababu vilitengenezwa viwe vya nje, vya kufichia chungu kingine ndani yake. Muuzaji anavipandia kaktasi moja kwa moja, anabandika vijiwe vyeupe juu kwa gundi ili usiuone udongo, kisha anakutajia bei inayokaribia mara tatu ya chungu cha kufinyanga. Ukimuuliza maji yatatokea wapi, anakwambia, "Weka changarawe chini, dada." Changarawe haisaidii. Maji hayashuki kutoka udongo laini kwenda kwenye mawe mpaka udongo ule ujae kabisa, kwa hiyo umeusogeza tu unyevu ukaribie mizizi. Changarawe ichanganye na udongo wote, na mchanga uwe wa shamba, si wa pwani, maana ule una chumvi.

Kabla ya kulipa, omba chungu kiwekwe juu ya sakafu ya duka, mimina kikombe cha maji, uangalie. Yakikawia kutoka, usikichukue. Muuzaji mmoja aliniambia hawezi kutoboa kwa sababu wateja wake wa hoteli hawataki mazulia yalowe. Sawa, hao awauzie na maua ya plastiki. Sisi tunaonunua mmea hai kwa bei ile ile ya hoteli tupewe chungu kilichotobolewa, au tupunguziwe ujira wa fundi marumaru tutakayemwendea kukitoboa.