IMSLP: nilienda kutafuta Haleluya nikarudi na Theodora

Walimu wa kwaya na nyie wanakwaya wenzangu, leo naomba niiongelee IMSLP, maana wengi wetu bado tunahangaika na kopi ya kopi, karatasi imefifia mpaka f na t za solfa huzitofautishi. Na mi nlikuwa humo humo, niliwahi kununua Messiah ya mtunzi Handel, ile yenye Haleluya, kopi ya kudurufu, kwa hela ya maana tu, kufika nyumbani nafungua, kurasa nne za katikati hazimo. Iliniuma sana.

IMSLP ni maktaba ya nota mtandaoni, aliianzisha Edward Guo mwaka 2006, ikafungwa Oktoba 2007 kwa ugomvi wa hakimiliki na kampuni moja ya uchapishaji ya Ulaya, ikafunguliwa tena Juni 2008. Kushusha ni bure, kama sio mwanachama unasubiri sekunde 15 faili linafunguka, basi. Na kila faili limeandikwa hali yake ya hakimiliki, kwahiyo unaprinti ukiwa na amani.

Sasa mi nliingia kutafuta Haleluya ya Handel tu, ile tunayoimba Krismasi na Pasaka miaka yote, nikakuta orodha ya kazi zake zote zimepangwa kwa namba za HWV, yaani namba za orodha ya kazi za Handel (Messiah ni 56) na aisee nilikaa pale mpaka usiku wa manane. Kumbe huyu mzee tunamjua kwa wimbo mmoja! Kuna Dixit Dominus aliyoiandika Roma 1707 akiwa na miaka 22, ngumu balaa, hiyo kwaya yangu bado. Halafu nikafika namba 68, Theodora.

Theodora ni oratorio, yaani hadithi ndefu ya dini inayoimbwa na kwaya na waimbaji pekee bila kuigizwa, habari ya binti Mkristo wa Antiokia aliyegoma kuitolea sadaka miungu ya Warumi. Ilitoka London Machi 1750, mwezi huo huo mji ulikuwa umetikiswa na tetemeko na watu wenye uwezo wanakimbilia mashambani, ukumbi ukawa mtupu, ikapigwa mara tatu tu msimu ule. Lakini Thomas Morell aliyeandika maneno yake anasimulia kwamba Handel alipoulizwa kama Haleluya ndio kazi yake bora alikataa, akasema kipande cha kwaya cha mwisho wa sehemu ya pili ya Theodora kinaizidi mbali. Kinaitwa He saw the lovely youth. Niliposoma hivo nikasema lazima nikione.

Ni habari ya Luka 7, Yesu na mwana wa yule mjane wa Naini. Inaanza polepole, ya msiba kabisa, kwa sisi wa solfa ni kwamba nyumbani kwake ni la, sauti zinaingia kama watu wanaotembea nyuma ya jeneza, halafu linakuja neno Rise, yaani inuka, na hapo hapo nyumbani panahama, sio la tena ni do, mwanga unaingia. Siku ya kwanza tunaifikia hiyo sehemu mazoezini mama mmoja wa alto aliweka karatasi chini akanyamaza, nikasimamisha kinanda, tukakaa kidogo ndo tukaendelea.

Angalizo la muhimu kwa anayeanza. Faili la kwanza utakalokutana nalo mara nyingi ni chapa ya Chrysander ya karne ya 19, nzuri na imekamilika, ila soprano, alto na tena zimeandikwa kwa ufunguo wa C wa zamani, ukisoma kama ufunguo wa G wa kawaida kila kitu kinatoka siko, na mi soprano wangu niliwaandikia solfa ya mstari mzima kabla sijashtuka. Nenda kipengele cha Vocal Scores, huko utapata sauti nne na piano chini yake, kwa kwaya zetu ndo inayofaa. Faili zima ni skani ya kitabu kwahiyo ni zito, shusha bando likiwepo, kisha steshenari waambie waprinti kurasa za wimbo wako tu, usije ukalipia oratorio nzima.

Kama hujui kusoma stafu (nota za mistari mitano), jaribu na CPDL, maktaba nyingine ya mtandaoni, ipo tangu 1998, ni ya muziki wa kwaya peke yake, nota nyingi zimepigwa upya na watu wanaojitolea na nyingi zina faili la MIDI, unamrushia mwimbaji wako wa tena WhatsApp anasikiliza mstari wake kwenye daladala. Ila haina kila kitu kama IMSLP, mi natumia zote mbili.

Saivi nimeshashusha The Ways of Zion Do Mourn, HWV 264, aliyoiandika 1737 kwa mazishi ya malkia Caroline. Solfa ya besi nimemaliza jana, alto naanza leo usiku.