Uzoefu wangu na ushirika wetu wa nyumba Mtwara: koki iko wapi?

Naandika nikiwa na hasira, siwafichi. Wiki haipiti bila mtu kuniuliza, kibandani kwangu au njiani nikitoka sokoni, kama anunue hisa kwenye ushirika wetu wa nyumba hapa Mtwara. Leo jibu langu ni usinunue. Kaa ulipo, mlipe mwenye nyumba wako kodi yake ya miezi sita, ukigombana ugombane na yeye mmoja. Ugomvi na mtu mmoja una mwisho.

Bei ya hisa, kiingilio, ukubwa wa viwanja, hayo nenda ofisini utapewa karatasi. Mimi nazungumzia zamu. Nimelishika daftari la zamu kwa muda sasa, na humo ndimo nilimoona ushirika wetu ukiharibika, mstari kwa mstari.

Kwa wasioishi huku: ukisema "ushirika" Mtwara, mtu anafikiria korosho. Atakuuliza mnada umefunguka kwa bei gani. Wengi tumelelewa na wazazi wenye mashamba, tumeona mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa kupeleka korosho ghalani ziuzwe mnadani, ukianza 2007, tunajua AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao, ni nini kabla hatujajua benki ni nini. Wetu ni wa nyumba. Kaya thelathini na kitu, kisima kirefu kimoja, pampu moja, tangi moja juu ya mnara. Mwenye nyumba hatuna, kwa hiyo kila anachofanya mwenye nyumba tunafanya sisi. Kuwasha pampu alfajiri na kuizima kabla kisima hakijakauka. Kuzibua mfereji kabla ya mvua za Desemba. Kufuatilia chemba za maji taka. Ulinzi. Vitabu. Na msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambao ni wa wote.

Mimi ni mshonaji. Jumamosi ndiyo siku wateja wanakuja kuchukua nguo za harusi, na wakikukosa wanakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba yeye ana shughuli. Nimeshika jembe la mfereji huku simu inaita mfukoni na najua ni bwana harusi anayetaka suruali yake.

Sasa faini. Mkutano mkuu ulipitisha kwamba asiyefika msaragambo alipe shilingi 5,000. Mkono wangu ulikuwa juu siku ile. Tuliipitisha ili mtu aone haya. Na mwanzoni iliuma kweli: mtu akikosa alikuja mwenyewe jioni na noti yake, anakueleza alikuwa kwenye msiba Mikindani, mtoto alilazwa hospitali ya Ligula, unamwonea huruma. Baadaye wakawa wanalipa bila maelezo. Baadaye wakaanza kutuma kwa simu Ijumaa, kabla hata siku yenyewe haijafika. Nikawa naona kwenye daftari, jina lilelile, "amelipa, amelipa, amelipa", na upande wa "amefika" nafasi tupu.

Halafu siku moja, mwaka ulikuwa bado mchanga, jirani mmoja akasimama mlangoni kwangu na bahasha. Ana kazi nzuri ya mshahara, simtaji. Sikuwa hata nimemaliza kusema karibu.

"Fundi, shika. Elfu sitini. Ya mwaka mzima. Usinigongee tena."

Niliishika kwa sababu mkono ulikuwa umeshanyooka. Noti sita za elfu kumi, mpya, zimenyooka kama za benki. Sikuwahi kujisikia vile, kama mpokea ushuru getini. Nilimwambia, kaka, hii ni faini, hujakosa bado. Akacheka, akasema, "Basi hesabu nimekosa," akaondoka.

Nilimpelekea mwenyekiti. Mwenyekiti, mtu mzima ninayemheshimu na nitaendelea kumwamkia, aliniuliza swali moja tu: "Si hela imeingia?" Akasema mwandikie stakabadhi. Na akasema, kwa kuwa sasa faini zinatosha, tutaweka vibarua wachimbe mfereji, watu wapumzike. Wengi walifurahi.

Vibarua walikuja. Vijana wazuri, wachapakazi, sina neno nao. Kwenye saa nne hivi jembe la mmoja likatua kwenye bomba kuu linaloshuka kutoka kwenye tangi.

Lile bomba tulilizika wenyewe. Kila aliyekuwepo siku hiyo anajua kwamba halikwenda moja kwa moja; lilikatisha kushoto kwenye mkorosho kwa sababu mizizi ilitushinda, na hapo pana kina cha shibiri mbili tu. Mchanga wa huku hauna ushindani, jembe linazama kama kwenye unga. Kijana angejuaje? Maji yakaruka, mtaro ukajaa. Tangi lote, maji tuliyoyapampu tangu alfajiri kwa umeme wa kununua, yanaingia mchangani.

Kinachotakiwa hapo ni kufunga koki kuu. Basi sikilizeni. Watu walitoka majumbani, watu wazima, wanachama kamili wenye hisa na kura, wakasimama wanaulizana: koki iko wapi? Kumi na kitu wamesimama wanayaangalia maji. Mmoja akakimbilia kwenye pampu akaizima, kana kwamba pampu ndiyo inayomwaga. Mimi nilikuwa nimekwenda Chikongola kununua vitambaa, napigiwa simu na mtoto wa jirani anapiga kelele. Ilibidi nimwelekeze kwa simu: nenda kwenye mnara, mguu wa upande wa bahari, kuna kifuniko cha bati kimefukiwa, fukua kwa mikono. Mtoto wa miaka kumi na mbili ndiye aliyeifunga.

Nilipofika, yule wa bahasha alikuwa amesimama njiani na kikoi, ndoo mkononi. Hakuniuliza habari za huko. Alisema, mbele za watu:

"Mimi nimelipa. Kwa nini sina maji?"

Tangu hapo sijalala vizuri. Kuna matusi niliyotukanwa sokoni nikayasahau kabla ya chakula cha mchana. Hili halisahauliki, kwa sababu alilisema kwa nia safi. Aliamini kabisa kwamba kuna mtu anadaiwa maji naye, na mtu huyo ni mimi.

Mwalimu wa semina aliyetufundisha mwanzoni alitueleza habari za wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, wanaotajwa kuwa waanzilishi wa ushirika wa kisasa, waliofungua duka lao mwaka 1844, unga, siagi, sukari, na wanachama wenyewe wakishika zamu ya kuuza jioni baada ya kutoka kazini. Akatueleza pia habari za Uruguay, na hizo ndizo zimenirudia kichwani. Huko tangu sheria yao ya makazi ya 1968 kuna ushirika wa nyumba wa aina mbili: wa wenye akiba, wanaoingia kwa fedha, na wa kusaidiana, ambao kila kaya inatoa saa kama 20 kwa wiki za kujenga, na jasho hilo linahesabiwa kuwa mchango wao. Kila mtu anajua yuko wapi. Sisi tulijiandikisha kuwa wa jasho, halafu tukaweka dirisha la pembeni la kulipia. Na kwa kuwa bei ya dirisha ni 5,000, mwenye nazo anapita na asiyekuwa nazo anachimba. Kura bado ni moja kwa kila mwanachama, sheria ya vyama vya ushirika ya 2013 inasema hivyo na ndivyo tunavyofanya. Lakini mwenye kura asiyejua koki ilipo anapiga kura juu ya nini? Vitabu vya fedha vinakaguliwa. Daftari langu hakuna aliyewahi kuomba kuliona.

Nilipeleka hoja mkutanoni: faini ifutwe, badala yake iwe deni la siku. Umekosa Jumamosi, unadaiwa Jumamosi. Anayefanya kazi za shifti achukue pampu ya alfajiri au akamsaidie mweka hazina. Wazee, wagonjwa na wajawazito wasiguswe. Nilijiandaa, niliandika, nilivaa vizuri. Mwenyekiti akasema ni hoja nzuri, iende kwenye bodi. Hapo nilipandisha sauti, na kwa hilo naomba radhi kwa wazee waliokuwepo. Tukapiga kura. Nilishindwa kwa kura tatu.

Kilichonivunja nguvu ni kwamba bibi mmoja, ambaye hajawahi kukosa msaragambo nje ya msimu wa korosho, alinyoosha mkono dhidi yangu. Alinifuata baadaye, akanishika mkono. "Mwanangu, Septemba hadi Novemba mimi niko Newala naokota korosho. Hilo deni lako nitalilipa lini? Elfu tano ndiyo inaniokoa." Sikuwa na jibu. Hata sasa sina. Nilikuwa nimemwandikia sheria yule wa bahasha, ikaenda ikamwangukia bibi.

Kwa hiyo labda nimekosea pale juu. Sijui. Nimeandika usinunue, na nikilisoma sasa naona si kweli yote.

Maana kuna jambo sijalisema. Aprili 2019, tulipotangaziwa kimbunga Kenneth, tulikuwa ndiyo kwanza tumeezeka nyumba za mwanzo. Mji mzima ulikuwa na hofu, watu wa mabondeni wanahama. Wakati huo faini hatukuwa nazo, wala daftari. Watu walikuja. Wengine walikuwa hawajahamia bado, nyumba zao ni misingi tu, wakaja kulinda mabati ya wenzao. Tulijaza viroba vya mchanga mpaka vidole vikachubuka, tukapandisha juu kimoja kimoja. Na aliyekuwa juu ya paa la mjane wa nyumba ya pembeni, amelala kifudifudi anafunga waya, upepo unampiga shati, ni huyuhuyu wa bahasha. Nilikuwa chini nampa koleo. Kimbunga kikageukia Msumbiji kikawaumiza wenzetu wa Cabo Delgado, sisi tukabaki na viroba vyetu juu ya mapaa. Alishuka amechanika goti, akaomba maji ya kunywa, tukakaa chini tukala ming'oko, vile viazi vya porini, kutoka sufuria moja.

Ndiyo maana ile "mimi nimelipa" imeniuma hivi. Angekuwa mgeni nisingeumia. Mtu huyu anajua. Sisi ndio tuliompa bei ya kusahau, na mkono wangu ulikuwa juu.

Bomba limeungwa. Maji yapo, yana chumvi kidogo kama siku zote, ila hayakatiki, na rafiki zangu waliopanga mjini wanakuja kwangu na madumu. Usiku nalala bila hofu ya kuamka nikaambiwa hama, mwanangu anaoa nataka nyumba. Hayo nayo ni ya kweli.

Stakabadhi ya elfu sitini sijaiandika. Bahasha iko kwenye droo ya cherehani, mwenyekiti ameshaniuliza mara mbili. Na mdogo wangu yuko Lindi, amechoka na kodi, anataka hisa moja inayoachwa na mwanachama anayehamia Masasi. Nimemwambia aje Jumamosi ya mwisho wa mwezi, avae nguo za kazi. Fomu tutajaza jioni, nikishamwonyesha kile kifuniko cha bati kwenye mguu wa mnara, upande wa bahari.