Rockwell Bold Italic: kwenye bango iko poa, kwenye menyu hapana

Aisee hii fonti ya herufi nene (bold) za kulala (italiki) nimekaa nayo kwenye kompyuta miaka sijui mingapi bila kuigusa, inakuja na Microsoft Office kwa hiyo huenda hata wewe unayo, fungua Word shuka mpaka R utaikuta. Juzi kuna jamaa anauza supu akataka bango la mita mbili, SUPU YA NG'OMBE, akaniambia herufi zishibe ila zisikae kimsibamsiba. Nikajaribu fonti kama kumi hivi, hii ndo ikanasa.

Kwa wasiojua, Rockwell ni zile fonti za miguu minene, yaani vile vikanyagio vya herufi havijachongoka, vimekatwa mraba na unene wake unakaribiana na herufi yenyewe. Ni ya kitambo, kampuni ya fonti ya Monotype ya Uingereza iliitoa 1934, ila ukiitundika barabarani leo wala haionekani kizee. Icheki A kubwa, ina kibapa pale juu kileleni, mi ndo naitambulia hapo. Sasa ukiilaza ikiwa boldi, ile miguu inakuwa kama watu wanasukuma gari bovu, unaona kabisa nguvu inaelekea mbele.

Shida yake upana. Mteja aliongezea TUNAWAKARIBISHA WOTE mstari wa chini, jamani, miguu inakula nafasi na hizo W ndo usiseme, nikambembeleza tuandike KARIBUNI yakaisha. Usikimbilie ile Condensed (iliyobanwa) wala Extra Bold (nene zaidi), kwenye Office hazina italiki yake, ukibonyeza kitufe cha I programu inazilaza kwa lazima na O inapinda kama tairi limeisha upepo. Chagua Rockwell ya kawaida halafu B na I, hapo unapata iliyochorwa kweli.

Halafu ile alama ya NG', ukiacha ile iliyonyooka, kwenye bango inaonekana kijiti kimedondokea hapo kwa bahati mbaya. Weka iliyopinda.

Kosa langu sasa: nilituma faili bila kugeuza maandishi kuwa maumbo, kompyuta ya kule ninakoprintia haina Rockwell, ikajiwekea fonti yake tu bila kuuliza mtu, bango likatoka kama tangazo la serikali ya mtaa. La pili nimeprinti kwa hela yangu.

Mi naipa nne kwa tano. Maneno mawili matatu makubwa haina mpinzani, ila bei za supu na chapati niliziweka kwa fonti nyingine, Calibri, maana Rockwell ya kulala ikiwa ndogo inajaa wino, tarakimu zinabanana mpaka mtu anauliza hii ni 3 au 8. Jamaa kalipenda, sasa anataka na aproni.